Je, Mwenye Kilema Aliye na Nyumba Hupewa Zaka?



Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani huja watu darasani kuuliza mambo ya Zaka, na masuala mengi huwa ni ya mtoaji: nitoe kiasi gani, dhahabu ya mke wangu naihesabu au siihesabu, bidhaa za duka nazikadiri vipi. Ni masuala mema. Lakini suala la mpokeaji haliulizwi sana, nalo ndilo lililoharibika zaidi katika miji yetu. Mwenyezi Mungu hakumwachia mtu kugawanya Zaka kwa apendavyo. Amezitaja Yeye mwenyewe sehemu zake nane katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na wa kwanza kutajwa ni mafakiri na maskini. Basi mwenye kumpa asiyestahiki, hali ajua, hajatoa Zaka, na deni lake lingali shingoni mwake.

Mwaka huu suala limekuja kwa sura mbili, na zote mbili zahusu wenye vilema. La kwanza ni la kijana mmoja mgema aliyeanguka mnazini akavunjika uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hasimami. Alipopata chumba kimoja cha urithi katika nyumba ya mawe ya marehemu babake, wagawaji wa Zaka wa mtaani kwao wakalikata jina lake, wakasema: huyu ana nyumba mjini, si maskini tena. La pili ni la mzee kipofu ambaye wanawe wana maduka mawili, naye huongozwa kila Ijumaa hadi mlangoni pa msikiti, na watu humtilia Zaka zao mkononi bila ya kuuliza neno, kwa kuwa ni kipofu. Yule wamemnyima kwa sababu ya ukuta, na huyu wamempa kwa sababu ya macho yake. Tutazame sheria yasemaje.

Katika madhehebu yetu ya Kishafii, fakiri ni mtu asiye na mali wala chumo linalofika mahala pa maana katika haja zake. Na maskini ni mwenye kupata kinachofika mahala, lakini hakimtoshi. Wanavyuoni hupiga mfano wa kumi: anayehitaji kumi akapata mbili au tatu ni fakiri, na anayepata saba au nane ni maskini. Tuutie mfano huu katika shilingi zetu. Nyumba ikihitaji shilingi 1,000 kwa siku kwa chakula, kodi, maji, dawa na nauli, na mwenyewe akapata 200 au 300, huyo ni fakiri. Akipata 700 au 800 ni maskini. Wote wawili wana haki. Akipata 1,000 kamili, hana haki kwa sehemu hii, awe mzima awe kiwete.

Angalieni kwamba hapa hapana kiwango kimoja cha fedha kwa watu wote. Wenzetu wa madhehebu ya Kihanafi wameifanya nisabu kuwa ndio mpaka: aliye na nisabu iliyozidi haja zake za asili hapewi. Sisi twasema yawezekana mtu awe na nisabu, akatoa Zaka ya mali yake, na papo hapo akawa maskini anayestahiki kupokea, kwa kuwa alicho nacho hakimtoshi yeye na walio juu yake. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, yaani 820, amepokewa kusema maneno ambayo maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa tajiri kwa dirhamu moja pamoja na chumo lake, na mwingine elfu zisimtajirishe, kwa udhaifu wa nafsi yake na wingi wa watu anaowalisha. Yaani nguvu za mwili wa mtu, na upungufu wa nguvu hizo, vimo katika hesabu ya mali yake.

Na hayo yana asili katika Sunna. Abu Daud na Nasai wamepokea kwamba watu wawili walimwendea Mtume, sala na salamu zimfikie, katika Hija ya kuaga, naye alikuwa akigawa sadaka, wakamwomba. Akawatazama juu na chini, akawaona wana nguvu. Akawaambia kwamba wakitaka atawapa, lakini sadaka hiyo haina fungu la tajiri wala la mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Basi nguvu pasi na kazi inayopatikana haitoshi kumnyima mtu, kwani Mtume ametaja nguvu na chumo pamoja. Na kwa upande wa pili, Imamu Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba kuwa na kilema cha kudumu si sharti ya ufakiri kwa kauli mpya ya Imamu Shafii. Mzima asiyepata kazi aweza kuwa fakiri, na mwenye kilema aweza kuwa tajiri. Yuko kiwete mwenye nyumba tatu za kupangisha, na huyo ni mtoaji wa Zaka kama matajiri wengine. Kumpa Zaka kwa sababu ya mguu wake ni kumdharau, na ni kuipoteza Zaka.

Najua wako watu wawapao vilema siku ya Ijumaa si kwa haja yao, bali kwa kuitakidi kwamba kumpa kiwete huondoa balaa nyumbani. Hilo silo tunalolizungumza hapa, ila niseme tu kwamba kiwete si hirizi.

Sasa tufike mahala ambapo wagawaji wetu hukosea sana, nami nitarefusha kidogo. Kilema huingia katika hesabu kwa milango miwili. Mlango wa kwanza wajulikana: hukata chumo. Mvuvi aliyepooza mkono havuti wavu, na fundi cherehani aliyepofuka hatungi uzi. Mlango wa pili ni kwamba kilema chenyewe kina matumizi yake, na matumizi hayo huyaoni usipoingia ndani. Chukueni nyumba mbili zilizopakana, kila moja ina watu watano, na kila moja yapata shilingi 1,000 kwa siku. Katika nyumba ya kwanza wote ni wazima. Katika ya pili yumo mtoto asiyeweza kukaa wala kushika kijiko. Mtoto huyo ana miaka kumi na miwili, na bado ahitaji nepi kila siku. Ahitaji dawa ya kifafa mwezi kwa mwezi. Akipelekwa hospitali hawezi kupanda matatu, hukodiwa tuktuk kwenda na kurudi. Na kiti chake cha magurudumu kikiharibika, si kila fundi wa baiskeli ajuaye kukitengeneza. Na mamake, aliyekuwa akiamka alfajiri kupika mahamri na vitumbua vya kuuza, ameiacha biashara hiyo, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Basi chumo la mama nalo limekatika kwa kilema cha mwanawe. Mgawaji asiyeuliza ila pato ataziona nyumba hizi mbili ni sawa, na haziko sawa hata kidogo. Wanavyuoni wetu wamemhesabu mtumishi kuwa ni katika haja za mtu asiyeweza kujihudumia kwa maradhi au kilema. Mama huyu afanya kazi ya mtumishi huyo usiku na mchana, na hapana amlipaye.

Ama mali ambayo mtu yuko nayo, si kila mali humtoa katika ufakiri. Nawawi ametaja nyumba anayokaa na nguo zake, kwamba havimwondolei mtu jina la fakiri. Na wengine wakaongeza vyombo vya nyumbani avitumiavyo, vitabu vya mwanachuoni, zana za fundi, na pambo la mwanamke linalolingana na hali yake na ambalo ada humtaka alivae. Kiti cha magurudumu, fimbo ya kipofu na chombo cha kusikizia cha kiziwi ni katika mlango huo huo, hata vikiwa vimenunuliwa kwa fedha nyingi. Mwenye shamba la minazi ambalo mapato yake hayamtoshi mwaka mzima, yeye ni fakiri au maskini kwa kiasi cha upungufu. Hujaziwa kilichopungua, wala hakalifishwi kuliuza. Na mwenye rasilimali ya biashara ambayo faida yake haimtoshi hali yake ni hiyo hiyo. Kwa hivyo kiwete akifungua kibanda cha kuuza mchele na sukari, haifai jina lake likatwe siku ile ile alipopanga mifuko yake, kama nilivyosikia kuwa hufanywa. Hungojewa, ikatazamwa faida, na ikipungua hutimiziwa.

Nanyi mkitaka dalili iliyo karibu na maisha yetu ya pwani, someni Sura ya Al-Kahf, aya ya 79. Mwenyezi Mungu ametusimulia safari ya Nabii Musa pamoja na Khidhri, na chombo walichokipanda kisha Khidhri akakitoboa. Khidhri alieleza kwamba chombo kile kilikuwa ni cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na mbele yao alikuwako mfalme achukuaye kila chombo kizima kwa nguvu. Sisi twaijua thamani ya chombo cha baharini: mbao, misumari, tanga, na leo mashine. Mtu akiwa na mashua Lamu au Shimoni huitwa nahodha, haitwi maskini. Lakini Mwenyezi Mungu amewaita wenye chombo hicho maskini, na wanavyuoni wa Kishafii wameitoa katika aya hii hoja kwamba maskini huwa na mali. Na baadhi ya wafasiri wamepokea kutoka kwa Kaab al-Ahbar kwamba wenye chombo walikuwa ndugu kumi, watano kati yao wana vilema vya kudumu, na watano ndio waliokuwa wakifanya kazi. Riwaya hii si Hadithi ya Mtume, wala hatuijengei hukumu. Hukumu imejengwa juu ya aya. Lakini yatufahamisha jinsi watu wa zamani walivyopiga hesabu: chombo ni kimoja, mikono ifanyayo kazi ni ya watu watano, na matumbo ni kumi. Tena Khidhri hakuwaambia wakiuze wale thamani yake. Alikitia kasoro ili kibaki mikononi mwao.

Basi kijana wetu wa chumba cha mawe hajatoka katika ufakiri kwa kurithi mahala pa kulala. Kama angekipangisha chumba na kukaa kwa mamake, kodi ile ingehesabiwa kuwa ni pato lake, na ikabaki kuulizwa kama yatosha. Na lau angerithi nyumba nzima ya vyumba kumi, akakaa kimoja na tisa vikapangishwa, pengine angetoka. Lakini chumba kimoja anachokikalia hakiliwi.

Kuna jambo jingine ambalo halina budi kutajwa, nalo ni kiasi cha kupewa. Desturi yetu ni kupanga watu mstari mlangoni pa tajiri mwezi wa Ramadhani, kila mmoja akapokea noti ya shilingi 100 au 200, na kiwete hutambaa katika mstari huo juani huku wenye nguvu wakimsukuma. Nawawi amesema kwamba lililo sahihi zaidi, na ndiyo kauli ya wengi katika wanavyuoni wetu, ni kuwa fakiri na maskini wapewe kinachowatosha kwa umri ambao watu kwa kawaida huufikia, kwa kununuliwa milki itakayoleta pato. Na wengine wamesema kinachotosha mwaka mmoja. Mwenye ufundi hupewa zana za ufundi wake, na mfanya biashara hupewa rasilimali. Sasa noti ya shilingi 100 iko wapi katika kauli hizi mbili? Matajiri kumi wa mtaa mmoja wakikusanya Zaka zao waweza kumnunulia mgema yule cherehani na vitambaa, kwani mikono yake ni mizima, au hisa katika nyumba ya kupangisha, na mwaka ujao asihitaji kuandikwa tena. Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 wa Hijra, yaani 705 hadi 715, ametajwa katika tarikhi ya Tabari kwamba aliwapa wenye ukoma matumizi na kuwaambia wasiombe watu, na akampa kila asiyeweza kusimama mtumishi, na kila kipofu kiongozi. Hayo yalifanyika Damaskasi miaka elfu moja na mia tatu iliyopita.

Twende kwa mzee kipofu. Mzazi fakiri matumizi yake ni wajibu juu ya wanawe wenye uwezo, na mtoto mkubwa aliye fakiri na asiyeweza kuchuma kwa kilema matumizi yake ni wajibu juu ya babake. Na kwa kauli iliyo sahihi, mtu anayetoshelezwa na jamaa aliye wajibu juu yake hahesabiwi kuwa fakiri. Kwa hivyo mzee huyu hana fungu katika Zaka za watu iwapo wanawe wamtosheleza. Na kama hawamtoshelezi, na hapana wa kuwalazimisha, atapewa ili asife njaa. Lakini wanawe wana dhambi, na aibu yao ni kubwa kuliko umaskini wa mtu yeyote mjini. Vile vile tajiri mwenye mwana asiyeona au asiyetembea hawezi kumpa mwanawe huyo Zaka yake kwa jina la ufakiri, kwani atakuwa ameilipa Zaka kwa deni alilokuwa nalo tayari. Ama ndugu wa kuzaliwa, matumizi yake si wajibu katika madhehebu yetu, basi kaka aweza kumpa dada yake mwenye kilema Zaka yake, na Tirmidhi amepokea Hadithi kwamba sadaka kwa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu pamoja.

Wako waliouliza: je, msaada wa Serikali huhesabiwa? Huhesabiwa. Tangu mwaka 2011 Serikali ya Kenya hutoa fedha kwa nyumba fukara zenye mtu mwenye kilema kizito, anayehitaji kuangaliwa siku zote, na mpango huo umeingizwa katika Inua Jamii. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 43, yaitaka Serikali iwahifadhi wasioweza kujikimu. Basi nyumba iliyo na upungufu wa shilingi 9,000 kwa mwezi, ikipata hizo 2,000, upungufu wake ni 7,000, na 7,000 hizo ndizo za kutazamwa na Zaka. Asiyewapa kitu kwa hoja kwamba wamepewa na Serikali hajapiga hesabu.

Na ndugu zetu walioko Marekani wameuliza juu ya msaada wa kule uitwao SSI, ulioanza kulipwa mwaka 1974 kwa wazee, vipofu na wenye vilema wasio na mali. Kule nyumba ya kukaa na gari moja havihesabiwi, na katika mshahara husamehewa sehemu ya kwanza, kisha kila dola mbili hupunguza msaada kwa dola moja. Mambo haya yako karibu na walivyosema wanavyuoni wetu. Lakini akiba na mali nyingine isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, au dola 3,000 kwa mume na mke, na viwango hivyo havijabadilishwa tangu 1989, ingawa bei za vitu zimepanda miaka yote hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwenye kilema huogopa kuweka akiba, na watu wawili wenye vilema wakioana hupoteza dola 1,000 katika kiwango chao. Sheria ya mwaka 2014 imewafungulia baadhi yao, waliopata vilema mapema katika umri wao, njia ya kuweka akiba maalumu isiyowadhuru. Sisi tusiokuwa na kiwango hicho katika sheria yetu haifai tujitungie kilicho kibaya zaidi, tukamwambia mtu: auze chumba kwanza, kisha aje.

Imebaki njia ya kujua. Muslim amepokea Hadithi ya Kabisa bin Mukharik, ambayo ndani yake aliyefikwa na ufukara huhalalikiwa kuomba wakisimama watu watatu wenye akili katika watu wake wakashuhudia. Watatu katika watu wake, yaani wanaoijua nyumba yake, si karani ambaye hajawahi kuufungua mlango wake. Basi wagawaji na waanze kazi hii Rajabu, wasingoje kumi la mwisho la Ramadhani; waende kwa wema, wakiwa wawili au watatu, wamwulize mlezi kuliko kumwuliza mwenye kupita njiani, waandike pato, waandike haja, na matumizi ya kilema wayaandike peke yake. Na wawatafute wale waliotajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa kujizuilia kwao.

Mama mmoja ameuliza kama yafaa kuliandika shamba lake kwa jina la dada yake mpaka wapite waandikaji wa Serikali, kisha alirudishe, ili mwanawe asikose zile 2,000. Haifai. Huo ni uwongo na ushahidi wa uzushi, na fedha ichukuliwayo kwa njia hiyo ni ya nyumba nyingine iliyokuwa na haki nayo. Na aeleze kweli: shamba ni la ekari ngapi, lina minazi mingapi, na mwaka uliopita alipata nini. Wakimkataa kwa sababu ya shamba hilo, na mapato yake hayamtoshi yeye na mwanawe, aje kwetu sisi tulio na Zaka, kwani kwetu shamba hilo halimzuilii.